Bunduki Inapotawanya Risasi: Niliyojifunza Kambini Tabora

Kambi za uwindaji huku Tabora zina desturi isiyo na mjadala. Mgeni akishashuka na kupumzika, kabla hajakanyaga porini anapelekwa kwenye shabaha kuijaribu bunduki yake. Awe anakuja mara ya kwanza au ni mzoefu aliyezunguka Afrika nzima, ni lazima. Bunduki hiyo imepanda ndege mbili au tatu, imesukumwa kwenye mikokoteni ya viwanja vya ndege, kisha ikamalizia safari nyuma ya Land Cruiser kwenye barabara ya mashimo. Skrubu yoyote inaweza kuwa imelegea njiani.

Kwa misimu kadhaa kazi hiyo ya shabaha imekuwa yangu, nikiwa msaidizi wa mwindaji bingwa kwenye vitalu vya upande wa Sikonge. Ugalla, ambako wazee wangu wa kazi walianzia, iligeuzwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019 na uwindaji ukakoma humo, lakini msitu huku ni ule ule wa miombo na nyati ni wale wale. Napima mita 100 kwa utepe, siyo kwa hatua, nabandika karatasi kwenye boksi, napanga mifuko ya mchanga juu ya meza kivulini, halafu naangalia matundu yanavyojipanga. Mara nyingi yanajipanga vizuri na shughuli inaisha. Yasipojipanga, na mgeni akawa amekuja na risasi alizojaza mwenyewe, hapo ndipo siku huwa ndefu.

Risasi za kujaza kwa mkono ni jambo la kawaida Marekani. Mtu anaokota maganda aliyokwisha kuyapiga, anayarudisha kwenye umbo lake kwa mashine ya mezani, anang'oa fataki iliyoungua (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) na kuweka mpya, anapima baruti kwenye mizani, kisha anakandamiza kichwa cha risasi kwenye shingo ya ganda. Huku kwetu silaha, risasi na baruti ziko chini ya sheria ya mwaka 2015 na macho ya polisi, na sijakutana na mtu anayejaza mwenyewe. Risasi hizo tunaziona zinapokuja na wageni, na zinakuja chache: mashirika ya ndege kwa kawaida humruhusu abiria kilo 5 tu. Kwa bunduki ya .375 (ni upana wa risasi kwa inchi), yenye risasi nene kama kidole, hizo ni kama mia hivi ukijumlisha na boksi lake. Huwezi kuzimaliza zote kwenye shabaha ukitafuta ugonjwa.

Naipenda kazi hii, na sababu ni mzee wetu wa nyayo. Porini yeye ndiye anayetangulia. Nyati akijeruhiwa vibaya na kuingia kwenye kichaka, wa kwanza kuinamia damu ni yeye, akiwa na fimbo mkononi, na wenye bunduki wako nyuma yake. Jioni moja nilipomwamkia na kumwambia kesho tuna mgeni wa nyati, hakuniuliza mgeni anatoka wapi wala ana miaka mingapi.

"Marahaba, mwanangu. Bunduki yake inapiga wapi?"

"Bado hatujajaribu, baba."

"Basi kajaribuni vizuri. Mimi nitakuwa mbele."

Mgeni mwenyewe alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye .375 Holland & Holland nzuri ya mtambo wa Mauser (mtambo ni sehemu ya chuma inayopakia na kufyatua risasi) na kitako cha mbao. Risasi hizo zilibuniwa Uingereza mwaka 1912 na mpaka leo ndizo ambazo wengi wanazihesabu kuwa mwanzo wa bunduki za nyati. Alikuwa amejaza mwenyewe, vichwa vya gramu 19.4, ambavyo wao huviita vya greni 300. Alinionyesha kwa simu picha ya shabaha ya nyumbani kwao, matundu matatu yamegusana. Pale kwetu alipiga tano, na zikatawanyika kama sentimita 15, nyingine juu kushoto, nyingine chini kulia, bila mpangilio.

Kambi nzima ikawa na jibu kabla hatujafika kwenye karatasi. Wengine walisema ni joto la Oktoba, baruti ya watu wa baridi haielewani na Tabora. Dereva akasema ni risasi za kienyeji, wangenunua za dukani. Mgeni mwenyewe akaanza kuamini kwamba amekosea kupima baruti.

Sikukubaliana na lolote kati ya hayo mapema hivyo, na hesabu ndiyo iliyonizuia. Risasi ya .375 hutoka mtutuni kwa mwendo wa kama mita 770 kwa sekunde. Tuseme upimaji wake ulikuwa wa ovyo kabisa, kiasi kwamba risasi moja ikawa pungufu kwa mita 30 kwa sekunde. Kwa umbali wa mita 100, upungufu huo unaishusha risasi kwa kiasi kisichofika sentimita moja. Mtu anayepima kwa mizani nyumbani hakosei hata karibu na hapo. Baruti isiyo sawa huonekana mbali, mita 300 na kuendelea, na huko matundu huchora mstari wa kusimama. Sentimita 15 kwa mita 100, tena kila upande, zinatoka kwingine. Ninasisitiza hili kwa sababu mizani ya baruti hubebeshwa lawama nyingi mno, na wakati watu wanabishana kuhusu mizani, skrubu iliyolegea inaendelea kulegea.

Jambo la kwanza kwangu siku zote ni kuitenga bunduki na risasi. Unachukua boksi la risasi za kiwandani ambazo unajua zinapiga vizuri kwenye bunduki nyingine, unazipiga kwenye hii inayosumbua, mpigaji yule yule, meza ile ile. Zikikaa pamoja, ugonjwa uko kwenye risasi. Zikitawanyika nazo, acha risasi kwanza. Tulipiga tano za kiwandani za kambi. Zikatawanyika.

Basi tukaifungua. Darubini ndiyo ninayoanza nayo: naishika na kuitikisa kwa nguvu, naangalia kama pete zake zimeacha alama mpya kwenye rangi, maana darubini inayoteleza kwa kila teke, yaani bunduki inaporudi nyuma ikipigwa, huacha mkwaruzo unaong'aa. Ya mgeni ilikuwa imekaza. Nikahamia kwenye skrubu mbili zinazofunga mtambo kwenye mbao, moja chini ya chemba, pale risasi inapokaa ikipigwa, na nyingine nyuma ya kikinga triga. Kuna kipimo kimoja nilichoonyeshwa na mwindaji bingwa wangu na nimekifanya mara nyingi. Unasimamisha bunduki kwa kitako, unaweka ncha ya kidole mahali mbao ya mbele inapokutana na mtutu, nusu ya kidole iguse chuma na nusu iguse mbao. Mwenzako analegeza skrubu ya mbele na kuikaza taratibu. Bunduki iliyolala vizuri kwenye mbao yake haikuambii kitu kidoleni. Iliyolala vibaya, unaihisi mbao ikitembea dhidi ya chuma.

Hii ilitembea waziwazi. Na kabla ya hapo, bisibisi ilipoingia kwenye skrubu ya mbele, ilizunguka karibu bila kuombwa. Mbao ilikuwa imekauka. Mgeni anatoka pwani yenye unyevu, na Oktoba huku, kabla mvua za Novemba hazijaanza, hewa ni kavu kiasi cha kupasua midomo. Mbao ilinywea, skrubu ikabaki bila cha kukaza, na kila teke la bunduki likawa linauhamisha mtambo kidogo kitandani mwake.

Tulikaza, tukasubiri mtutu upoe mpaka unashikika kwa kiganja bila kuuachia, tukapiga tena tano za kiwandani. Sentimita nne. Watu wakapiga makofi na mmoja akaanza kukunja mifuko ya mchanga.

Nikaomba tusifunge. Tulikuwa tumeitibu bunduki, risasi za mgeni hatukuwa tumezijaribu upya. Akaweka zake magazini, kile kisanduku cha risasi ndani ya bunduki, akapiga tano. Sentimita tisa.

Hapo ndipo penye somo ambalo sikulipata kwa mtu, nililipata kwenye meza ile. Hitilafu mbili zinaweza kukaa kwenye bunduki moja, na kubwa ikiifunika ndogo, ukiiondoa kubwa unafurahi na kusahau kuuliza kama kuna nyingine. Kama tungekuwa tumebadilisha mambo mawili kwa mpigo, yaani kukaza skrubu na kubadilisha risasi, tungeondoka pale tukisema "sasa iko sawa" bila kujua ni kipi kilichotusaidia.

Nilichukua risasi zake zilizobaki magazini nikazilaza juu ya kioo cha meza ndogo, pembeni mwa zile zilizokuwa bado kwenye boksi. Ukizitazama kwa usawa wa macho, ulikuwa huhitaji hata venia, kile kipimo cha milimita. Zilizokaa magazini wakati wenzake wanapigwa zilikuwa fupi. Vichwa vilikuwa vimezama ndani ya maganda, kimoja zaidi ya milimita moja, kingine kidogo tu. Nikaziviringisha taratibu kwenye kioo. Za kwenye boksi ncha zake zilitulia. Za magazini ncha zilicheza, zikichora duara dogo hewani, kwa maana vichwa havikukaa tena wima kwenye shingo.

Sababu yake ni teke. Bunduki ya .375 inaporudi nyuma, risasi zilizo magazini zinataka kubaki zilipo, na ncha zao zinagonga ukuta wa mbele wa magazini. Shingo ya ganda ikibana vizuri, kichwa hakitikisiki. Ya mgeni haikubana. Nilimuuliza maganda yale ameyapiga mara ngapi, akasema ni ya zamani, ameyatumia kwa miaka na hajawahi kuyapasha moto shingoni. Shaba inayokunjwa na kutanuliwa mara kwa mara huwa ngumu, na ikiwa ngumu inaruka kurudi kidogo kila unapoibana, kwa hiyo haishiki sawasawa. Ganda moja linashika, jirani yake halishiki. Wajuzi huyapasha moto shingoni ili yalainike tena, na kwa bunduki za teke kubwa hukunja pia mdomo wa ganda uingie kwenye mfuo, ule mkato unaokizunguka kichwa cha risasi.

Lakini kwa nini picha ya simu ilikuwa nzuri? Nilimuuliza alipigaje nyumbani. Akaeleza kwa mikono: mezani, moja moja, anaweka chembani, anafunga, anapiga, anaweka nyingine. Magazini ilikuwa tupu muda wote. Hakuna risasi yake hata moja iliyowahi kukaa magazini wakati mwenzake anapigwa. Tukajaribu hivyo hivyo. Tano kutoka kwenye boksi, moja moja, na zikakaa ndani ya sentimita nne na nusu. Baruti yake ilikuwa sawa, vichwa vilikuwa sawa. Kilichokosekana ni kuzijaribu kwa namna zitakavyotumika, na nyati hakupi nafasi ya kuweka moja moja.

Kuna suala la picha za matundu matatu ambalo linanikera, na niliseme. Matundu matatu yanadanganya. Bunduki ile ile, risasi zile zile, kundi la matundu matano kwa wastani huwa pana kuliko la matundu matatu kwa zaidi ya robo, na la matundu kumi hupita mara moja na nusu ya lile la matatu. Hakuna kilichoharibika; ni hesabu tu, kadiri unavyopiga nyingi ndivyo unavyozipata zile za pembeni. Mtu akijaribu ujazo mbalimbali kwa risasi tatu tatu na kuchagua karatasi nzuri kuliko zote, mara nyingi amechagua bahati. Mgeni wa .375 hawezi kupiga kumi mfululizo, bega halikubali na mtutu unachemka. Ninachofanya ni kupiga tano, kupumzika, tano nyingine kwenye karatasi mpya, kisha nazibandika karatasi mbili pamoja, alama za katikati zikilingana, nazielekeza juani. Matundu yote kumi yanaonekana kwa mara moja.

Bunduki za wenyeji zina magonjwa mengine. Ilifika bunduki ya mmiliki mmoja wa Tabora mjini, .30-06, ambayo kitako chake kilivunjika na seremala akamtengenezea kipya cha mninga. Kazi safi sana, mbao imeng'aa. Kiangazi ilipiga vizuri, mvua zikaanza ikahama sentimita kadhaa, na kadiri mtutu ulivyopata moto matundu yakawa yanatembea upande mmoja, la pili mbali kuliko la kwanza, la tatu mbali zaidi. Matundu yanayotembea kwa mstari namna hiyo huniambia niangalie mtutu unagusa wapi. Nilichukua noti ya elfu mbili nikaipitisha kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele. Ikafika katikati ikagoma. Mninga huwa mtulivu kuliko mbao nyingi, lakini ndani ya mfereji wa mtutu seremala hakupaka chochote, na mbao tupu inakunywa maji ya masika. Tulikwangua kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti mpaka noti ikapita yote, tukapaka vanishi ndani, ikatulia.

Nyingine ilikuwa imeliwa mdomoni. Miaka mingi ya kusafishwa kwa ufito wa chuma kuanzia mbele ilikuwa imekwangua ukingo wa mtutu upande mmoja. Gesi ikitoka upande mmoja mapema kuliko mwingine, inaisukuma risasi kando, kwa nyuma yake, wakati inaaga mtutu, na hakuna risasi ya kiwandani wala ya mkono itakayoponya hilo. Ukingo huo unauona kwa miwani ya kukuzia na tochi. Mtutu mchafu nao usiusahau: shaba ya vichwa hubaki ndani ya mifuo, ile mikato ya ndani ya mtutu, na ukipitisha kitambaa chenye dawa ya amonia kinatoka na rangi ya bluu. Kikitoka bluu mara kwa mara, endelea kusafisha kabla hujamlaumu mtu.

Kuhusu joto, lina ukweli wake, ila siyo ule wa dereva wetu. Baruti nyingi huungua kwa nguvu zaidi zikiwa za moto. Waingereza waliliona hili zamani kwenye baruti yao ya kodaiti, na bunduki zao kubwa za Afrika na India zilijazwa kwa shinikizo la chini makusudi. Risasi iliyojazwa mpaka ukomo nchi ya baridi, ikaachwa juu ya dashibodi ya gari Tabora saa nane mchana, inaweza kupita kiasi. Dalili huziona kwenye ganda na kwenye bolti, chuma kinachofunga chemba, siyo kwenye karatasi: bolti inakuwa nzito kuinuka, fataki inabapa mpaka ukingo wake unapotea, kitako cha ganda kinapata alama inayong'aa. Nikiona bolti ngumu nasimamisha zoezi hapo hapo, hata mgeni akinuna. Na risasi iliyozama kwenye ganda inapunguza nafasi ya baruti, ambayo nayo hupandisha shinikizo. Zile fupi za mgeni wetu nilizitenga kwenye kopo peke yake na hakuzipiga tena.

Kwa nyati alilipia risasi za kiwandani za kambi. Zilipiga sentimita sita juu ya zake, kwa hiyo tulirudi kwenye meza kurekebisha darubini, tukapiga kundi jingine la tano kutoka magazini iliyojaa. Risasi zake nzuri tulizihifadhi kwa ajili ya pofu na kongoni.

Kesho yake alfajiri tulimwondoa kwenye meza kabisa. Porini hakuna mifuko ya mchanga, kuna fito tatu zilizofungwa pamoja na moyo unaodunda. Tulipanda taratibu kichuguu kimoja, tukashuka upande wa pili, akaegemeza bunduki kwenye fito na kupiga karatasi akiwa bado anahema. Kwa mita 100 matundu yalipanuka kuliko nilivyotaka. Kwa mita 70 yalikaa pamoja, mahali mapafu ya nyati yanapokuwa. Mzee wa nyayo alikuwa amekuja kutazama. Akaweka kiganja chake juu ya karatasi, kikafunika matundu yote.

"Mita 70," nikamwambia. "Hatapiga mbali zaidi ya hapo, tumekubaliana."

"Haya, mwanangu. Mwambie achukue maji ya kutosha, tunaanzia mbugani."